Ua la Zambarau Kwenye Beseni Jekundu

Mimi ni mtoto wa Igogo, Mwanza mjini, na kabla sijaolewa ng'ambo, upande wa Busisi, sikujua kwamba yungiyungi linaliwa. Kwetu mjini lilikuwa ni la vyura tu. Siku ya kwanza mama mkwe aliponishusha majini hadi kifuani, akaniambia nipapase matope kwa vidole vya miguu nitafute kiazi chake, nilipiga kelele hadi wanawake wenzake wakashindwa kusimama kwa kicheko.

"Jamani, mwanangu kaniletea mwanasesere!" alisema. "Hebu kanyaga matope, we mtoto wa Igogo. Ulidhani chakula kinaota kabatini?"

Nikajifunza, kwa hasira lakini nikajifunza. Wanawake wa pale walikuwa kama kumi, na ile ghuba ndogo ndiyo iliyokuwa shamba lao. Wanaume walikuwa na ziwa lote huko nje. Kwenye maji mafupi hakuna aliyetuingilia. Viazi vya yungiyungi tulivichemsha, tukavimenya, tukavikata vipande na kuvianika juu ya mawe. Chini ya majani yake tulitega furu kwa vikapu, wale samaki wadogo wenye miiba, tukawakausha, kisha tukatwanga vyote pamoja. Unga ule haukuuzwa. Ulikuwa wa watoto walioachishwa kunyonya, na kila nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ilipata fungu lake, hata kama mama yake hakuingia majini. Mama mkwe ndiye aliyegawa, kwa kibakuli kimoja cha bati, na ole wako umbishie.

Miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa limeingia. Sangara walikwenda kwenye viwanda vya minofu Mwanza. Dagaa walipakiwa kwenye malori wakawe chakula cha kuku. Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika: kuku wa watu nisiowajua wanakula dagaa, mtoto wa ufukweni anakunywa uji wa muhogo mtupu! Mume wangu alivulia nyavu za wakala wa kiwanda, kwa hiyo samaki walikuwa wa wakala tangu wakiwa majini. Sisi wanawake tulijipa moyo kwamba ghuba yetu ipo, hakuna lori litakalokuja kupakia yungiyungi.

Sasa nije kwenye lile nililolifanya.

Nilikuwa natoka Mwanza kumsalimia mama yangu mzazi, mgongoni nina binti yangu wa kwanza, bado ananyonya. Niliposhuka kivukoni nikaona fungu la majani linaelea, mabua yake yamevimba kama vibuyu vidogo, na juu yake ua la zambarau. Ua zuri, Mungu wangu! Nikaliokota, nikalitia kwenye beseni langu jekundu pamoja na maji, nikalibeba kichwani hadi nyumbani. Nilitaka tu kumfurahisha mama mkwe, aache kuniita mwanasesere.

Na kweli alifurahi. Aliligeuzageuza, akaikamua ile mizizi yake kwa vidole.

"Hili ni ndugu yake yungiyungi," alisema. "Ona lilivyonona. Likizaa, viazi vyake vitakuwa hivi." Akanionyesha ngumi.

Kwa kuwa halikushika matope, alichomeka vijiti vinne majini mwenyewe, akavizungushia kamba, ili mawimbi yasilichukue. Wanawake wakaja kuliangalia. Mmoja aliomba mche, tukampa.

Haikupita miezi mingi, yale majani yakafunika ghuba yote, vile vijiti havikuonekana tena. Tukaanza kung'oa. Tuling'oa tangu asubuhi mpaka mikono ikawasha, tukarundika ufukweni, na baada ya siku chache pamefunga tena. Yungiyungi kule chini likakosa jua, likaoza. Maji yakanuka. Ukivuta kikapu unatoa nyoka.

Binti yangu nilikuwa nimeshamwachisha, kwa sababu nilikuwa na mimba nyingine. Unga wa mwisho kwenye chungu ukaisha. Nikampa uji wa muhogo, akanywa, akashiba, na miguu ikaanza kuvimba. Nywele zikawa nyekundu, nyepesi, ukizishika zinabaki mkononi. Zahanatini muuguzi aliniambia nimpe maziwa, mayai na samaki. Nikamjibu, "Sawa, dada." Ningemwambia nini? Nimetoka ziwani kuja kufundishwa kumpa mtoto samaki! Nilirudi njia nzima nikilia kwa uchungu na kwa aibu.

Siku moja mama mkwe aliingia majini peke yake, akiyakata yale magugu kwa panga. Alirudi adhuhuri, miguu imechanika, na viazi vitatu mkononi. Viwili vilikuwa vimeoza. Alikimenya kile kimoja, akakichemsha, akakiponda kwa kijiko. Binti yangu alikipokea mdomoni, akakaa nacho. Hakumeza. Alitutazama tu kama watu waliomchosha. Siku ya tatu alifariki.

Muda mrefu baadaye wakaja wataalamu na madaftari yao, wakaitisha mkutano pale kivukoni. Walieleza kwamba magugu maji yameingia ziwani kwa mto Kagera. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, akamgeukia mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Hapa kwenu yaliingiaje?"

"Marahaba. Yaliletwa na upepo."

Kijana akaandika. Mama mkwe hakunitazama. Mimi nilisimama na mwanangu wa pili mgongoni, masikio yananiwaka moto.

Tulipokuwa tunarudi nilishindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini umesema upepo? Si niliyaleta mimi?"

Hakusimama, wala hakugeuka. "Uliokota wewe, nikafunga kamba mimi. Nikimwambia yule bwana, mtoto atarudi?"

Tulipofika nyumbani niliwasha moto, nikakoroga uji wa muhogo, nikampa mwanangu. Akaunywa wote, akashiba.