Droni Juu ya Mazishi ya Tata

Siku Tata alipokuwa akizikwa, Brigid Akiror alikuwa ameketi ndani ya gari la kikosi, juu ya kilima kidogo nje ya mji wa mpakani wa Malaba, akimwangalia mwewe. Hakuwa akimwangalia kwa kupenda. Mwewe yule alikuwa akizunguka juu ya foleni ya malori tangu asubuhi, na kila alipopinduka, rada ilimdhania kuwa droni. Ikalia pii, pii, pii, nukta nyekundu ikatokea kwenye skrini, na Brigid akabonyeza kitufe chenye maana ya ndege. Nukta ikageuka kijivu, ikapotea. Mwewe akapinduka tena.

Ilikuwa Jumamosi, na Malaba haijui Jumamosi. Malori ya mafuta yalikuwa yamepangana barabarani mpaka yakaishia kwenye vumbi, madereva wamelala chini ya matrela yao, wauzaji chapati wakipita kati ya magurudumu. Huko juu kilimani gari lilikuwa limepikika kwa jua. Watu wa mji waliliita gari la masikio. Juu ya paa lake kulikuwa na sahani nne bapa za rada, kila moja imetazama upande wake, na mlingoti mwembamba wenye kamera, na antena za kusikiliza mazungumzo kati ya droni na yule anayeirusha. Rada ikiona kitu, kamera hugeuka kukitazama. Antena zikisikia, mshale kwenye skrini huonyesha mrushaji amesimama wapi.

Lililetwa hapo baada ya droni zisizo na mwenyewe kuanza kuonekana juu ya yadi ya malori ya mafuta. Wengine walisema ni za magendo, wengine wakasema ni za watu wabaya zaidi, wanaopima mahali pa kupiga. Kazi ya Brigid ilikuwa kumtambua adui. Tangu aanze alikuwa ametambua kunguru, korongo, yangeyange, popo wa jioni, na mifuko ya nailoni iliyovuka kutoka Uganda bila pasipoti. Droni za kweli zilikuwa chache, zote za wapiga picha wasio na kibali. Kila moja waliiandama na gari hadi kwa mwenyewe, wakaichukua droni, mwenyewe akalala kituoni. Adui hata mmoja hakuwa amemwona, na alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao. Hata nyumbani, sufuria ikilia kidogo jikoni, kidole chake kilitafuta kitufe.

Kinachochekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa hiyo hiyo. Mama yake mzazi alivuka mpaka kwenda kuuza mitumba Mbale, Brigid akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akapata mume huko, akabaki kuwa mtu wa kusalimiwa kwa simu. Aliyemlea ni Tata, ndivyo Wateso wanavyomwita nyanya. Alimlea Kamuriai, ng'ambo ya bonde kutoka Malaba, na wimbi likianza kukomaa alimweka shambani na debe bovu awinge ndege. Brigid alikuwa mtoto wa kusinzia. Tata akipita na jembe begani angemuuliza, "Leo umelisha ndege wangapi, mama?" Kisha angecheka mwenyewe na kuendelea na safari yake.

Alikuwa mkali, Tata. Alipika ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, na hapakuwa na mlevi aliyewahi kumshinda mdomo. Siku ya kuandikisha askari alisimama nje ya uwanja tangu alfajiri, akiwatukana kwa Kiteso wasichana wote waliojaribu kumpita Brigid mbioni. Brigid aliposhinda, Tata alikaa chini kwenye nyasi akavua viatu na kusema miguu inamuuma kana kwamba ni yeye aliyekimbia.

Huyo ndiye aliyelala ndani ya jeneza siku hiyo. Kabla ya kukata roho alikuwa ameacha agizo moja, na nyumba nzima ililisikia: udongo wa kwanza autupe Akiror, wengine wafuate. Kwa watu wa pale, agizo la mtu anayekufa halina mjadala. Brigid alikwenda kwa mkubwa wake akaomba ruhusa.

"Nimefiwa na mama, afande. Tunazika Jumamosi."

"Mama mzazi?" aliuliza Inspekta Ogweno.

"Ni nyanya. Lakini huyo ndiye mama."

Ogweno alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na kwao hakuwa amefika tangu Krismasi. "Akiror, ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mume ama mtoto. Nyanya hayuko hapo. Na Sharlyne amejifungua juzi tu. Ukienda wewe, hiyo mashine ataiangalia nani? Mimi?"

Ilikuwa kweli. Waliofundishwa mashine walikuwa wawili tu, yeye na Sharlyne. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Brigid alitoka ofisini humo akimchukia Ogweno kwa sababu tu alikuwa na haki.

Kwa simu, Christabel, mama yake mdogo, hakutaka kusikia habari za mashine. "Mwambie huyo mkubwa wako hata jela watu wanaachiliwa waende kuzika!"

"Nimemwambia, mama."

"Basi tutakungoja. Katekista aongeze nyimbo mpaka sauti ikauke."

"Msiningoje. Mtamweka Tata kwa jua bure."

Christabel alikata simu bila kuaga.

Sasa ilikuwa mchana na Brigid alijua kwa hesabu ya mazishi yote aliyowahi kuhudhuria kwamba hotuba zilikuwa zikielekea mwisho. Rada ikalia. Aliinua kidole kumtuliza mwewe, akasita. Safari hii antena nazo zilikuwa zimelia. Mwewe hazungumzi na mtu.

Kamera ilijigeuza polepole kuelekea Kamuriai. Hewani, juu ya migomba, ilining'inia droni ndogo nyeupe. Brigid alivuta picha karibu, halafu akaishusha chini kidogo ili aone inatazama nini. Akaona hema la kanisa, la kijani na nyeupe. Akaona bati jipya moja katikati ya mabati ya kutu, lile alilolinunua mwenyewe mvua ilipomlowesha Tata kitandani. Akaona watu wamezunguka lundo la udongo mwekundu.

Mugeni, dereva wa gari, Msamia mkimya wa kutoka upande wa ziwani, aligeuka kwenye kiti chake akatazama skrini. "Si hapo ni kwenu?"

"Ni kwetu."

"Pole sana, dada." Alitupa jicho kwenye redio. "Bonyeza ndege. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua. Kubonyeza ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Droni ingemaliza shughuli yake ikatua, Tata angezikwa kwa amani, naye Brigid angeketi hapo kilimani akitazama kwenye skrini, kama mpita njia, mkono wa mtu mwingine ukitupa udongo wa kwanza. Lakini akiripoti, gari lilitakiwa kuifuata ishara hadi kwa mrushaji, na bila yeye kwenye skrini gari lile lilikuwa kiziwi. Sheria iliyomfunga hapo ndiyo ingempeleka Kamuriai. Kungekuwa na mtu mmoja tu wa kulipia safari hiyo, yule aliyesimama katikati ya waombolezaji na rimoti mkononi. Hakumjua ni nani. Alitamani asimjue kabisa.

Ningependa kusema alihangaika sana na moyo wake, ila nitakuwa nimedanganya. Aliona aibu, na aibu haikumzuia. Akachukua redio.

"Afande, nina droni. Kamuriai. Mrushaji yuko chini yake, kwenye mazishi."

"Kamuriai," alisema Ogweno polepole. Alikumbuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Akiror, una hakika? Si mwewe? Hao mwewe wametusumbua wiki yote."

Alikuwa amemfungulia mlango. Mugeni alimtazama.

"Si mwewe, afande."

"Sawa. Wewe ndiye umesema ni droni. Basi nataka droni na mwenyewe, wote wawili, hapa kwangu kabla ya jioni."

Mugeni aliteremsha mlingoti, akawasha gari. Waliacha lami, wakaingia barabara ya vumbi kati ya mihogo na karanga. Brigid alimwelekeza kwa kutazama mshale, ingawa njia hiyo angeweza kuipita akiwa amefumba macho. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa furaha, na furaha hiyo ilimchukiza.

Walipofika langoni, wimbo ulikatika. Gari la polisi kwenye msiba halina tafsiri nzuri, na vijana wawili watatu walianza kusogea taratibu kuelekea kwenye mahindi. Kisha Brigid akashuka.

"Akiror!" Ilikuwa sauti ya Christabel. "Amekuja! Mtoto amekuja!"

Kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia. Siku hiyo Christabel alikianza upya, na boma zima likakipokea. Watu walimfungulia Brigid njia. Jeneza lilikuwa tayari liko chini, na kando ya kaburi mjomba wake Echodu alikuwa amesimama mbele ya wanaume wenye sepetu, ameinyoosha fimbo yake kuwazuia.

"Wamenisumbua hawa," alisema Echodu. "Eti mvua inakuja. Nimewaambia hakuna udongo unaingia hapa. Bado."

Brigid alivua kofia, akapiga magoti, akachota udongo. Ulikuwa na joto la jua. Alitaka kumwambia Tata kitu na hakupata chochote cha maana, kwa hiyo alisema tu, "Nimefika, Tata," akautupa, akausikia ukigonga mbao. Hapo akalia. Alilia kwa sauti, na sare yake, mbele ya Mugeni na bunduki yake, na kwa muda huo hakuwa askari wala hakuwa amechoka. Juu ya kichwa chake droni ilikuwa ikivuma. Hakuitazama.

Wengine walifuata, mmoja mmoja, kama Tata alivyoagiza. Sepetu zikaanza kazi. Christabel alimvuta Brigid kando, akamfuta uso kwa leso yake kama mtoto wa nasari.

"Nilijua Mungu atamgusa huyo mkubwa wako. Nilifunga kwa ajili yake. Umwambie asante."

"Nitamwambia."

"Na sisi tulikuwa tumekata tamaa, si nikamwita Brayo wa Bumala, yule wa video." Christabel alionyesha juu kwa kidevu. "Echodu akasema ya nini hiyo, watu wa kijiji wote wako hapa. Nikamwambia, si ya kijiji, ni ya Akiror. Kamera ya chini ingemwonyesha migongo ya watu tu. Mtoto akinyimwa ruhusa, angalau aone kila kitu kutoka juu, kama vile alikuwepo."

Brigid alimtafuta Mugeni kwa macho. Mugeni alikuwa amesimama langoni, anatazama buti zake. Redio begani mwa Brigid ilikwaruza, na sauti ya Ogweno ikauliza kama ameshampata mwenyewe. Brigid aliipunguza.

"Nani huyo?" aliuliza Christabel.

"Ni kazini, mama."

Karibu na ghala la wimbi, droni ilikuwa imetua. Mwanamume aliyevaa shati jeupe na utepe mweusi mkononi aliiokota, akaja nayo akikwepa viti, uso umemjaa huruma na fahari ya kazi iliyokwenda vizuri.

"Pole sana, dada," alisema Brayo. "Nimekunasa poa kabisa ukitupa udongo. Hata machozi yanaonekana. Hii video mama alisema ni yako."

Brigid alinyoosha mkono. "Nipe hiyo droni, Brayo."

Brayo aliifuta lenzi kwa pindo la shati lake, akampa kwa mikono miwili, akidhani anataka kuona picha.