Kopo la Maua ya Kahawa

Enzi zetu pale Bwera, mtu alijulikana kwa harufu kabla hajajulikana kwa sura. Msicheke. Ninyi wenzangu mliokulia karibu na mpaka wa Kongo miaka ile ya sitini na sabini mnajua ninachosema, ila hawa watoto wa leo hawawezi kuelewa, maana wote wananunua chupa moja katika duka moja na kunukia tunda ambalo hawajawahi kulionja. Sisi tulipakwa mafuta ya mama yangu. Na mama yangu alikuwa na sheria moja tu ya kazi: hakuna watu wawili aliowapa harufu moja.

Walimwita Mama Masika, kwa jina langu mimi, binti yake mzaliwa wa kwanza. Hakukanyaga darasani hata siku moja, lakini jiko lake lilikuwa maabara bora kuliko ile niliyoikuta baadaye chuoni. Samli aliletewa na wafugaji wa tambarare. Aliiosha kwa maji ya baridi, akayamwaga, akaiosha tena, hata ile harufu ya ng'ombe ikatoka kabisa. Nta ilishuka mlimani vichwani mwa watu, mawese yaliletwa na akina mama wafanyabiashara wa Kongo waliotoka upande wa Beni, na mafuta ya nyonyo kwa ajili ya nywele tulikamua wenyewe. Sabuni aliipika kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi, halafu akanyunyiza chumvi ya ziwa la Katwe, na sabuni ikapanda juu yenyewe na kuacha maji machafu chini. Leo kiwandani tunafanya jambo lilelile, tofauti ni kwamba tumevaa makoti meupe na kujiona madaktari.

Kila mafuta mapya yalijaribiwa kwangu. Mama aliyapaka kwenye kunjo la mkono wangu wa kushoto, akafunga kitambaa, akaniambia, "Usikune. Tungoje siku tatu, ngozi itasema." Nilikwenda shule na kitambaa changu na mwalimu akadhani nina kidonda kisichopona. Mkono ule umejua vipele vya kila aina ya jani linaloota kati ya Bwera na Kyarumba.

Kwa sababu ya harufu hizo tulikuwa na mchezo wetu, ambao sijauona mahali pengine. Mmoja alifungwa kitambaa machoni, akasimama katikati ya uwanja, na wenzake wakapita mbele yake kimya kimya, bila viatu, bila hata kupumua kwa nguvu. Aliyefungwa alitaja majina. Mchaichai na moshi: huyu ni mtoto wa fundi cherehani. Ganda la limau: huyu ni yule bibi wa kanisani, naye amejipitia tu kwenda kisimani, hachezi. Mimi sikukosea hata mara moja, na nilijivuna mno kwa jambo hilo.

Baba alikuwa mnunuzi wa kahawa. Alipanda Kyarumba kwa miguu katika njia zile za mwinuko, akashuka na wapagazi, akasafirisha magunia hadi Kasese. Kwa ajili yake mama alitumia maua ya kahawa. Mnajua maua hayo: mvua ikinyesha baada ya kiangazi, siku chache tu shamba zima linakuwa jeupe, harufu inakufuata hadi kitandani, halafu yote yananyauka. Mama alitandaza samli kwenye sinia, akalaza maua juu yake, asubuhi akayaondoa na kulaza mengine, siku baada ya siku, hadi samli ikanywa harufu yote. Halafu akachanganya na nta.

Hapo kwenye nta ndipo palipokuwa na shida ya baba. Nta ya mlimani ilikuja nyeusi, imejaa ile gundi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Watu wengine walipakwa hivyo hivyo. Baba akipakwa nta nyeusi alitokwa na vipele shingoni na nyuma ya masikio, akawa mkali siku nzima. Basi nta yake yeye ilichujwa kwa kitambaa mara tatu, ikawa ya njano safi. Kopo lake dogo la bati alilibeba katika mfuko wa koti popote alipokwenda.

Ikaja miaka ile ya utawala wa askari. Mnaikumbuka, sina haja ya kuieleza. Siku moja baba alipanda lori na magunia yake kwenda Kasese. Lori lilirudi. Dereva akasimama mlangoni kwetu akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, akamwambia mama kwamba kwenye kizuizi cha barabarani baba aliteremshwa, yeye akaambiwa aendelee, mzee atamkuta mbele. Alimngoja huko mbele hadi jua likaanza kuzama.

Mama hakwenda kuuliza. Msimlaumu. Jirani yetu mmoja alikwenda kambini kuuliza habari za mumewe, na baada ya hapo watu walikuwa wanaulizana habari zake yeye. Mama aliendelea kukoroga sufuria zake. Lakini mchana, jua likiwa limekaa utosini na uwanja hauna hata kuku, harufu ya maua ya kahawa ilikuwa inapita nyumbani kwetu. Mashamba yalikuwa makavu, hayana ua hata moja. Mama alikuwa anaacha kukoroga. Mimi naacha kufua. Tunasubiri, hatutazamani, hadi inaondoka. Leo kwa elimu yangu naweza kuwaambia kwamba baba alizoea kuegemea mwimo ule wa mlango, mti ukanywa mafuta, na joto la mchana likawa linaitoa harufu. Ni maelezo mazuri. Nilikuwa na hofu hata hivyo, na bado ninayo nikikumbuka.

Tulikuwa kwenye mchezo siku aliyokuja yule mwanamke. Mimi ndiye niliyefungwa kitambaa. Wenzangu walikuwa wanapita, nami nawataja mmoja mmoja, mara wakaacha kupita. Halafu mtu akaja taratibu upande wa njia, akasimama mbele yangu karibu kabisa, na pua yangu ikajaa maua ya kahawa.

"Baba!" nikapiga kelele, nikavuta kitambaa.

Alikuwa mwanamke mrefu nisiyemjua, mwenye viatu vya kufunga na mkoba wa ngozi. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mimi si baba yako," akasema. "Mama wa mafuta iko wapi?"

Watoto wote walikuwa wamekimbia. Nilimpeleka jikoni. Mama alikuwa ameinama anachochea moto, na kabla hajageuka nilimwona mgongo wake ukikakamaa. Aliposimama, uso wake ulikuwa tayari umefurahi, halafu furaha ile ikabaki pale usoni bila kazi.

Mwanamke akatoa kichupa cha kioo, si kopo letu. Ndani kulibaki utando tu. Mume wake, alisema, alikuwa afande kule kambini Kasese.

"Bwana yangu anataka hii. Hii hii. Kama ni ingine, hataki. Ile kidogo ilibaki, mimi nimepaka leo."

Mama akakinusa kichupa. Akakinusa tena.

"Iko mafuta ya maua," akasema polepole. "Maua haijatoka. Mungoje mvua, mama."

"Nitarudi. Aliambiwa ni wewe tu unajua kutengeneza."

Nani alimwambia? Swali hilo lilikuwa limesimama jikoni pamoja nasi, kubwa kuliko sisi watatu. Mama hakuliuliza. Alimsindikiza mgeni hadi njiani kwa adabu zote, akarudi, akakaa chini kwenye majivu kwa kitenge chake kizuri.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Iliponyesha na mashamba yakawa meupe, mama alichuma maua mwenyewe, akatandaza sinia, akalaza na kuondoa, akalaza na kuondoa. Siku ya kuchanganya nikamletea kitambaa cha kuchujia. Akakisukuma pembeni. Akachukua bonge la nta nyeusi kabisa, lenye gundi na mabawa ya nyuki, akaliyeyusha, akaondoa uchafu wa juu tu kwa kijiko ili jicho lisione, akalimimina.

"Mama, hiyo itamuwasha baba."

"Ndiyo," akasema. "Kama iko kwa huyo afande, atapaka, atafurahi. Kama iko kwa baba yako, ngozi itasema."

Nimefanya kazi na watu wenye shahada tatu, na sijaona jaribio lililopangwa vizuri kuliko lile. Mwanamke akaja, akachukua kichupa, akaondoka nacho. Tukangoja. Mama hakula vizuri. Alihesabu siku kwa punje za maharage juu ya kingo ya dirisha, na kila mtu akitokea njiani aliinua pua kwanza, halafu macho. Mchezo wetu ulikufa. Hakuna mtoto aliyekubali tena kufungwa kitambaa katika uwanja ule, na mimi mwenyewe singekubali hata kwa sukari.

Alirudi siku ya soko, adhuhuri. Safari hii hakunukia chochote. Alikiweka kichupa mezani kwa nguvu.

"Mafuta yako ni mbaya! Imetoa vipele. Anakuna mpaka damu."

"Wapi?" mama akauliza.

"Shingo. Na huku, nyuma ya masikio."

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, mikono kichwani, machozi yakimtiririka, na yule mke wa afande akarudi nyuma hadi mlangoni kwa woga. Sijapata kuogopa kicheko kama kile. Halafu mama akaomba radhi sana, akasema ni nta mbaya, akamwekea mafuta mengine ambayo alikuwa ameshayatengeneza akayaficha, yaliyochujwa mara tatu, akajaza kichupa hadi mdomoni, akaongeza sabuni mbili za bure. Mwanamke alipofika njiani aligeuka, akatutazama kama anayetaka kusema neno. Akashika njia yake. Hakurudi tena, na baadaye tukasikia wale askari wamehamishwa na kuletwa wengine.

Baba hakurudi pia. Lakini kwa mama jambo lilikuwa limekwisha kujulikana. Baba alikuwa hai siku ile. Ngozi yake ilikuwa imesema. Kwa hiyo hatukuanua matanga, kwa sababu hatukuyaweka. Watu wa ukoo walipotaka kumlilia, mama aliwafukuza na mwiko. Miaka ikapita, askari wakaondoka, mimi nikasoma hadi chuo, na kila kahawa ilipotoa maua mama alijaza kopo jipya na kulitia katika mfuko wa koti la pili la baba, lililoning'inia ukutani.

Mimi nikawa mtaalamu wa mafuta ya ngozi na nywele katika kiwanda huko Kampala. Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kutengeneza krimu yenye nta ya nyuki, na kwa ubishi nikatia ile gundi nyeusi, maana ni dawa nzuri ya midomo iliyopasuka. Tukawapaka wafanyakazi waliojitolea. Baada ya siku tatu wakaja ofisini kwangu, si mmoja, si wawili. Wamekaa kwenye benchi, watu wa makabila mbalimbali wasiohusiana kwa lolote, wote wanajikuna. Shingoni. Nyuma ya masikio. Hapo ndipo ngozi ni nyembamba, na hapo ndipo kila mtu hupaka.

Nilifunga mlango nikakaa sakafuni kama mama alivyokaa kwenye majivu.

Jaribio lake lilikuwa na kosa moja tu, kosa la mwanamke ambaye katika wote aliowapaka maishani mwake alimwona mmoja tu akiwashwa. Vipele vile vingeweza kuwa vya baba. Vingeweza pia kuwa vya afande mwenyewe, aliyekuwa na kopo la baba kwa sababu baba hakulihitaji tena.

Siku hizi mambo yetu ni safi. Kila chupa ina karatasi yenye maandishi madogo, na vijana wangu wa maabara wanaijua kila kemikali kwa namba yake, ila ukiwafunga kitambaa hawawezi kumtambua hata mama yao mzazi. Sisi tulijuana. Ilikuwa ni kwa samli na majani, lakini mtu akikosekana, hewa yenyewe ilionyesha kwamba hayupo.

Nilimpelekea mama krimu yangu ya kwanza Bwera ili ajivune na mtoto wake. Ilikuwa majira ya maua, sinia lake liko mapajani. Akaigeuza chupa, akaniomba nimsomee maandishi yote, nisiruke hata neno. Nikasoma hadi nikafika pale nilipoandika mwenyewe: ina gundi ya nyuki, inaweza kuwasha ngozi za baadhi ya watu.

Mikono yake ikasimama juu ya maua.

"Baadhi," akasema. "Beko wengi, hao watu?"

Nilimtazama. Nilitazama koti ukutani, mfuko wake umevimba kwa kopo.

"Hapana, mama. Labda mmoja katika nchi nzima."

Akanitazama kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, "Asante, Masika," akachukua kitambaa, akaanza kuchuja.

Mama hayupo tena. Kahawa ikitoa maua naomba ruhusa kazini, nashuka Bwera, natandaza samli kwenye sinia lake. Nta naichuja mara tatu.