Kupima Kichwa cha Baba

Baba alipotuma ujumbe kwamba koti linaweza kutoka popote, lakini kofia isiwe imevaliwa na mzungu aliyekufa, nilijua anayesemwa ni mimi. Nani mwingine kwenye ukoo wetu anauza kofia za mitumba? Ni mimi peke yangu, kwenye kibanda changu Thika, nyuma ya soko, na baba hakuwa amewahi kukanyaga hapo. Hakuwa amewahi kunywa hata chai yangu. Tangu nihamie Kimbo kwa mwanamume ambaye hakuwa amempelekea hata mbuzi mmoja, baba alikuwa akizungumza nami kupitia mama, hata nikiwa nimesimama mbele yake. "Mwambie aketi," anamwambia mama, nami niko hapo hapo nasikia. Mwanzoni iliniuma. Baadaye ikawa inanikasirisha, na kwa kweli hasira nilikuwa naiweza zaidi kuliko maumivu.

Kwetu, ruracio, yaani mahari, ikiletwa, baba wa msichana anapewa koti na kofia. Akiivaa ile kofia mbele ya wazee, amekubali mkwe. Akiiweka magotini, wageni wanarudi kwao wakajipange upya. Shangazi yangu, kofia ya ruracio yake iliwekwa magotini, na mpaka leo akija matanga kwetu anaketi na majirani. Watoto wangu wawili wakubwa wameshaanza kuuliza kwa nini guka, babu yao, hawatembelei. Hivyo mtu asiniambie kwamba kofia ni kofia tu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea milango na mageti, mtu mpole sana. Hasira zote za nyumba ameniachia mimi. Alitaka kwenda Nairobi anunue kofia dukani, amalize. Nikamkatalia. Ninajua zile kofia za dukani. Ni karatasi iliyopakwa gundi ikanyunyiziwa vumbi la manyoya. Mvua ya kwanza ikiinyeshea, ukingo unalegea, mzee anabaki anafanana na mtu aliyevaa chapati. Baba yangu hatavaa chapati, nikamwambia. Kofia itatoka kwangu.

Shida ni kwamba mtu hajilipii ruracio. Ikijulikana kwamba bibi harusi ndiye ametengeneza kofia ya baba yake, watu watasema amejinunua mwenyewe, na mwanamume atabeba hiyo aibu mpaka kaburini. Kwa hivyo mume wangu alikuja kibandani siku ya kazi, akasimama nje kama mteja, akaulizia kofia, nikamtajia bei, akalipa yote. Nilipojaribu kumpunguzia alikataa, akaniangalia vibaya kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Tukakubaliana kwamba mshenga wake, ambaye ni mjomba wake, atasema imetoka mjini.

Hiyo kofia niliitafuta kwa muda. Belo ya mitumba ikifunguliwa, wenzangu hukimbilia zile zenye utepe unaong'aa. Mimi hubonyeza felti kwa kidole gumba. Ikirudi polepole bila kuacha shimo, hayo ni manyoya ya sungura, yameshindiliwa vizuri. Halafu naiinua juani nione kama nondo wamepita. Mwisho nageuza ule ukanda wa ngozi wa ndani, mahali paji la uso hugusa, kwa sababu jasho halidanganyi. Nilipata moja ya kamera kabisa, daraja la kwanza, rangi ya kahawa iliyokaangwa, ukanda wake mkavu, mweupe, haujaguswa na kichwa cha mtu. Naapa haikuwa imevaliwa. Kama mzungu wake alikufa, alikufa kabla ya kuijaribu.

Ikabaki kipimo. Ningempimaje mtu ambaye haniambii hata habari? Na hata kama tungekuwa tunasalimiana, kwetu msichana hashiki kichwa cha baba yake. Mama ndiye alipata njia. Baba alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, aliambiwa asivae chochote kichwani siku hiyo, akaiacha kofia yake kwenye msumari. Ni kofia nyeusi iliyogeuka kijivu, na sijawahi kumwona bila hiyo isipokuwa kanisani. Mama aliileta Thika ndani ya kiondo, imefunikwa na sukuma wiki, akakaa kwenye stuli akiangalia simu yake kila wakati kama mtu anayevunja benki. Harakisha, aliniambia, jirani aliyempeleka akipiga simu niko hapa itakuwaje? Nikazungusha futi ndani ya ukanda, nikaandika kwenye kiganja cha mkono, nikamrudishia. Ukanda ulikuwa umepanguswa safi kabisa. Nikafikiri, mama na usafi wake.

Kuichonga kulinichukua jioni nzima. Birika likichemka unashikilia kofia juu ya mvuke, mbali kidogo, ukiizungusha ili isilowe sehemu moja. Ikilainika unaivisha kwenye kichwa cha mbao, unavuta ukingo chini, unaacha ipoe. Halafu unapiga mvuke tena, unaweka bonde juu kwa makali ya kiganja, unabana mbele pande mbili. Hapo ndipo watu wengi huiharibu, maana wanabana kwa kucha. Mimi nabana kwa nyama ya vidole. Kichwa changu cha mbao kilikuwa kidogo kwa kile kipimo, ikabidi nikivishe soksi mbili nene. Nilishangaa kidogo. Nikajiambia baba ana kichwa kikubwa, si ajabu ni mbishi hivyo. Nikashona utepe mpya, nikafunga uzi kwa fundo ninalofungaga siku zote bila kufikiria, nikaipiga brashi, nikailaza chali ili ukingo usibonyee.

Siku yenyewe tulikuwa Witeithie, nyumbani kwa wazazi, hema limepigwa mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama, na dirisha la jikoni linaangalia hemani moja kwa moja, kwa hivyo niling'ang'ania kuosha vikombe hapo. Nilivyoviosha! Vikombe vingine nilivirudia mpaka mama akaninyang'anya.

Mambo mengine yalipita. Blanketi la mama lilipita, wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vyetu. Koti la baba lilimkaa vizuri mabegani. Baba alikuwa ameketi katikati ya ndugu zake, ile kofia yake kuukuu ameivua na kuishika gotini, upara wake ukimetameta. Halafu mshenga akasimama na kofia yangu, ameibeba kwa ukingo kama nilivyomfundisha, asije akaishika pale mbele ilipobanwa.

Baba aliipokea. Hakuivaa. Aliigeuza, akaweka pua ndani, akanusa. Hema zima lilimwona akinusa. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Baba alinusa tena, akabonyeza felti kwa kidole gumba, akangoja irudi. Ngai, nikasema moyoni, huyu mtu alijifunza wapi kubonyeza? Kisha akainua mikono yote miwili, akaivaa.

Ikashuka. Ilipita paji la uso, ikapita nyusi, ikasimama kwenye masikio. Macho ya baba hayakuonekana.

Mmoja wa baba zangu wadogo alicheka, kicheko kimoja kifupi, akakimeza. Hakuna aliyemfuata. Nilisikia maji ya bomba yakimwagika na sikuweza kuyafunga. Nyuma yangu mama alinishika mkono, kucha zikaingia. "Nilitoa zile karatasi," akaninong'oneza. "Zilikuwa chafu, zinanuka. Niliona haya uzione."

Karatasi gani? nikamuuliza, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshaelewa. Mzee yeyote akiwa na kofia inayompwaya hukunja karatasi na kuisokomeza nyuma ya ukanda. Nimezitoa kwenye kofia za wateja wangu mara ngapi! Na mama alikuwa amezitoa za baba, akapangusa, akaniletea kofia safi kama anayepeleka mtoto hospitalini, halafu akaweka nyingine mpya kabla baba hajafika nyumbani. Sikuwa nimepima kichwa cha baba. Nilikuwa nimepima kofia tupu. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kucheka, nilitaka kumtikisa yule mama, na nilichofanya ni kusimama tu na kikombe mkononi.

Kule hemani baba aliivua kofia. Nikaona inashuka kuelekea magotini, na nikaona shangazi yangu, kule kwa majirani, ameangalia pembeni. Lakini haikufika. Mkono wake ulisimama njiani. Kidole gumba kilikuwa kimegusa kitu kwenye utepe, upande wa kushoto.

Inabidi niseme hili. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la kahawa Ruiru, akishona midomo ya magunia. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kufunga uzi kwa fundo la gunia, ambalo huzunguka mara mbili na kujifia lenyewe ndani, haliachi mkia. Hilo ndilo fundo ninalofunga kwenye kila kofia. Sijawahi kujua jingine.

Baba akamuuliza mshenga kofia imetoka wapi. Mjini, mshenga akasema. Mjini wapi? Nairobi, dukani. Baba akatikisa kichwa polepole, akasema Nairobi hakuna mtu anajua kufunga hivyo. Halafu akageuka, si kwa mama, akatazama dirisha la jikoni na kuniita jina langu. Jina langu, mdomoni mwake. Nilikuwa nimesahau linavyosikika.

Nilitoka na aproni, mikono inachuruzika maji. Wazee wote walikuwa wananiangalia na mume wangu amekuwa mweupe kama unga. Hapo ningeweza kudanganya, ila mimi nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika nasema ukweli.

"Ni mimi nimeishona," nikasema. "Lakini kuinunua alinunua yeye. Alilipa yote, akakataa nimpunguzie. Na haijavaliwa na mtu. Umeinusa mwenyewe."

Minong'ono ikaanza upande wa wajomba. Baba akainua mkono, ikazima.

"Ulinipima wapi?"

Ningemjibu, ningemfichua mama. Nikaangalia kofia zile mbili mikononi mwake, mpaka nikasikia sandali za mama nyuma yangu zikikokota kwenye changarawe. Mama alisema yote mwenyewe, kiondo, sukuma wiki, karatasi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilitegemea baba awake.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza kofia yake kuukuu, akaingiza vidole nyuma ya ukanda na kuchomoa makunjo ya karatasi, moja baada ya nyingine. Ilikuwa ni pakiti ya unga wa ugali. Akayapanga kwenye kofia mpya bila haraka, akiyasukuma kwa kidole, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

"Hii ilikuwa ya baba yangu," akasema, akimaanisha ile kuukuu. "Nilipewa siku tulimzika. Kichwa ulipima ni chake."

Akaivaa mpya. Ikakaa, imeinama kidogo upande mmoja. Akaniangalia kwa lile jicho lililopona, halafu hilo jingine.

"Alhamisi nitakuja huko Thika," akasema. "Unipime yangu."

Wanawake walipiga ngemi na sikuzisikia vizuri. Nilimwona mshenga akiketi kwa kishindo na mume wangu akijifunika uso kwa mikono. Wajomba bado walikuwa wananong'ona. Wangenong'ona mpaka jioni, na waendelee tu. Nilirudi jikoni kufunga bomba.

Alhamisi alikuja kweli. Wenzangu wa vibanda vya jirani walimpisha wakidhani ni mteja mkubwa, kwa lile koti. Aliketi kwenye stuli ile ile aliyokalia mama, akaivua kofia, akaiweka chali juu ya meza bila kuambiwa. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa. Aliiangalia kwa muda, akanywa, akasema sukari ni nyingi. Nilichukua futi, nikainyoosha, nikaikunja tena.

"Pima," akasema, akainamisha kichwa.

Nikaipitisha juu ya masikio, nikaizungusha nyuma pale nywele chache nyeupe zimebaki, nikazikutanisha ncha katikati ya paji la uso. Ngozi yake ilikuwa na joto. Nikasoma kipimo, nikaona siwezi kuwa nimesoma sawa. Kilikuwa kichwa kidogo tu, kidogo kuliko cha mume wangu, kidogo kuliko nilivyokiogopa miaka yote hiyo.

Nikapima tena, nikijua kabisa kwamba sikuwa nimekosea.