Meno ya Juu ya Fahali

Mwezi uliopita, kijijini Maretadu, nilisimama kando ya mashine ya kupukuchua mahindi. Gunia liliisha kabla sijamaliza kumsalimia mwenye nyumba, na kelele za mashine hazikuruhusu neno la pili. Nikakumbuka jiko la bibi, ambako gunia kama hilo lilikula siku nzima na hadithi moja ndefu.

Ilikuwa baada ya mavuno, wakati baridi inapong'ata masikio. Sisi wajukuu tulikaa na bibi kuzunguka ngozi ya ng'ombe iliyojaa mahindi, vidole gumba vikituuma, makande yakichemka chunguni. Babu hakukaa jikoni na wanawake. Alikaa nje, nyuma ya ukuta, penye jua, akichonga mipini ya majembe. Tulilisikia panga lake: ta, ta, ta.

Bibi alikuwa na hamu moja, kuuona mnada wa ng'ombe. Ndama aliwalea yeye na majina aliwapa yeye, lakini walipokua waliondoka na babu, asione walikoishia. Kila mwaka aliomba. Kila mwaka babu alijibu, "Mnada ni wa wanaume." Bibi hakubishana.

Mwaka ule alianza kutusimulia habari za mwanamke mmoja wa kijiji cha Nambis aliyekwenda mnadani peke yake.

"Akakuta mafahali kivulini, wamefungwa mkia kwa mkia."

Panga likanyamaza. "Hawafungwi hivyo," sauti ya babu ikapita ukutani.

"Nimesikia, mzee wangu. Basi, watoto, akachagua mwenye mkia mrefu kuliko wote."

"Mkia wa nini? Fahali anaangaliwa meno."

"Ahaa. Akamfunua mdomo, akahesabu meno ya mbele ya juu: moja, mbili, tatu..."

Tukatazamana. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, na aliyetufundisha hilo ni bibi mwenyewe, siku alipokuwa akimnywesha ndama dawa. Nilifungua mdomo niseme. Bibi akanirushia gunzi, likanipata gotini.

Babu alikuwa amesimama mlangoni, hata shikamoo zetu hakuziitikia. "Miaka yote unakamua, hujui mdomo wa ng'ombe? Hawa watoto watakwenda kutuaibisha."

"Mimi nasimulia ya kusikia, mzee wangu. Wenye kuona ni ninyi."

"Jumamosi tunakwenda wote. Ukaone, uache kuwapotosha."

"Ukishasema wewe, nani atakataa?" akasema bibi kwa upole, akachukua hindi lingine. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jumamosi alirudi na vumbi hadi magotini, harufu ya nyama choma kwenye khanga, na kicheko ambacho hakikuisha hadi tulipokula. Alikuwa amemsindikiza fahali wetu mpaka kwa mnunuzi, akamtajia mnunuzi na jina la fahali.

Jumatatu tulikaa tena kwenye ngozi. Tulitaka habari za mnada, lakini bibi alisema mwanamke wa Nambis ameshaondoka huko. Sasa alikuwa ameingia kwenye kikao cha wazee, ambako nako wanawake hawaingii.

"Akawakuta wazee wote wanaongea kwa pamoja," alisema, "na mwenyekiti amelala."

Leo mashine inafanya kazi vizuri, na vidole vya watoto haviumi. Siilaumu. Ila haina ukuta, wala mtu nyuma yake. Ninachokikosa ni kile kimya cha ghafla, panga linaposimama hewani, na bibi anapotukonyeza tusicheke.