Mwenye Nyumba Yuko Ndani?

Wiki iliyopita nilipeleka kikohozi changu kwa daktari Mchina aliyefungua kibanda cha mitishamba karibu na soko la Garissa. Mbele yangu alikuwa mzee wa Kisomali, mkimbizi kutoka kambi ya Hagadera. Daktari alimwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akafumba macho, akasikiliza mapigo kwa muda mrefu.

"Redio nasema wataalamu nagundua mtu akikaa beke yake, moyo nachoka," mzee akasema. "Ni kweli?"

"Kweli," daktari akajibu, kwa Kiswahili cha polepole. "Lakini sisi Wachina, tangu zamani, tunasema moyo ni nyumba ya roho. Hao wamepima nyumba. Mimi nauliza, mwenye nyumba yuko ndani?"

Mzee hakufikiri sana. "Hayuko. Roho ilibaki Kismayu, na mama ya watoto."

Kisha akanyoosha mkono wa pili, akaweka vidole vyake vitatu juu ya mkono wa daktari. "Na wako, daktari? Iko wapi?"

Daktari akatazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya milima ya kwao. Wakakaa hivyo, kama watu waliosalimiana wakasahau kuachana. Sijui wataalamu wa redioni wangeandika nini kama wangewaona.

Mimi ni mwalimu niliyehamishiwa huku. Mke na watoto wako Nyeri. Zamu yangu ilipofika, nilisema ni kikohozi tu, nikatia mikono yote miwili mifukoni.