Dada Anasoma Uchumi

Dada yangu aliacha shule mama yetu alipofariki. Hakuna aliyemwambia aache. Aliamka Jumatatu moja, akatuvalisha sisi wadogo zake, akatusindikiza mpaka kwenye geti la shule, kisha yeye akarudi nyumbani kufua. Ndio kwanza alikuwa ameingia sekondari. Baadaye jirani alimfundisha kushona, na cherehani ile ndiyo iliyotusomesha. Mimi nikawa muuguzi, kaka yetu fundi umeme, na kitinda mimba akafika chuo kikuu.

Mtaani walimwita Mama Sare, maana watoto wengi wa pale walivaa kazi ya mikono yake. Kibanda chake kilijaa vipande vya kitambaa cha buluu sakafuni mpaka saruji ilikuwa haionekani.

Mwanawe wa mwisho alipomaliza shule, Dada alitutangazia, huku akikata uzi kwa meno, kwamba amejiandikisha masomo ya jioni. Shemeji, dereva wa lori na mtu wa utani, akauliza kama amnunulie na soksi nyeupe. Dada akamjibu soksi atajinunulia mwenyewe; yeye apike tu siku za masomo. Basi Shemeji akaingia jikoni. Wali wake ulikuwa bokoboko juu na mkaa chini, lakini alipika, na Dada aliula akamshukuru.

Masomo mengine aliyavumilia. Hesabu zilimtoa jasho. Ila uchumi aliupenda kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotezana naye utotoni. Alisema mambo yale aliyaishi miaka yote, hakujua tu kwamba yana majina. Mwalimu wake, kijana wa umri wa wanawe, alimwita Mama darasani na akamsahihisha bila kumwonea haya. Dada alimpendea yote mawili.

Wakati huo mafundi wa mtaa wetu hawakuwa na amani. Wote walishona sare zilezile kwa wateja walewale. Huyu akishusha bei asubuhi, yule anashusha mchana, na mwisho wa siku kila mmoja amechoka na hana kitu. Salamu zenyewe zilikuwa za shingo upande. Dada naye hakuwa malaika: alikuwa amemnunia Fundi Kofia, mzee wa kibanda cha pili, kwa sababu ya mteja mmoja tu aliyehama.

Siku waliyofundishwa mgawanyo wa kazi, alirudi amechangamka. Kesho yake akawaita mafundi wenzake kibandani. Fundi Kofia hakutokea, ikabidi Dada ameze kiburi na kumfuata mwenyewe. Walipokaa, aliwauliza kila mmoja anapenda kushona nini. Walitazamana, kwa kuwa hawakuwahi kuulizana. Ikajulikana kwamba Fundi Kofia anachukia marinda ya sketi kama dawa chungu, lakini kola ya shati kwake ni mchezo. Dada marinda angeyapanga hata amefumba macho. Mwingine alikuwa bingwa wa suruali. Wakakubaliana kila mtu ashike anachokiweza zaidi, na mteja akitaka kingine apelekwe kwa jirani.

Haikuwa rahisi. Mmoja wao alijitoa mapema, akisema hakuzaliwa kushona mifuko ya suruali maisha yake yote. Waliobaki, kazi yao ikawa nzuri zaidi na ya haraka zaidi, wakaanza kufunga vibanda kabla jua halijazama. Fundi Kofia na Dada wakarudi kutaniana.

Mtihani ulipokaribia, nilikuwa naenda kwake Jumapili kumsomea maswali huku akikunja nguo zilizotoka kuanikwa. Siku moja tukafika kwenye gharama ya fursa. Nikasoma kwa sauti: ni thamani ya kile ulichokiacha ulipochagua kingine. Nikainua macho kumtazama.

"Dada," nikasema, "gharama yako wewe ilikuwa shule."

Alilaza shati juu ya paja, akalinyoosha kwa kiganja.

"Ndiyo, na ilikuwa kubwa. Nilikuwa naota nimekaa darasani, naamka nalia. Ila mwalimu alitwambia tusichanganye gharama na hasara. Gharama ni ulichoacha. Hasara ni pale ulichopata kisipofikia ulichoacha. Sasa niambie, mdogo wangu, mimi nilipata nini?"

Machozi yalinitoka. Akanipa shati lile lile nijifute, kisha akaniambia nisome swali linalofuata, mtihani hautamhurumia mtu kwa kulia.

Uchumi alipata alama ya juu kabisa. Hesabu zikamwangusha. Alisononeka siku mbili tatu, kisha akajiandikisha kuzirudia, na safari ya pili akapita, japo kwa kukwaruzika.

Yule mwalimu, ambaye mchana alifundisha watoto wa sekondari, alimwomba aje azungumze nao kabla hawajachagua masomo. Wengi walikuwa wanaukimbia uchumi wakidhani ni wa watakaofanya kazi benki. Dada alisimama mbele yao amevaa gauni lake la kutokea.

"Kuchagua mtachagua tu, mpende msipende," aliwaambia. "Mtachagua kazi, mtachagua wa kushirikiana naye, mtachagua nini kisubiri. Mimi nilichagua nikiwa mdogo kuliko ninyi, gizani. Somo hili halitawaondolea uchaguzi mgumu. Litawawashia taa tu."

Msichana wa nyuma akauliza kama linamtajirisha mtu.

"Mimi bado nashona," Dada akajibu, na darasa zima likacheka, naye akicheka nao.

Muhula ulipoanza, kwenye somo la uchumi mwalimu alilazimika kuazima madawati darasa la jirani.