Mpima Damu Msibani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kata ya bati yenye mpini mrefu, nikapelekwa kwenye dimbwi nyuma ya mashamba ya minazi ya Kinondoni, nikaambiwa nichote maji bila kuyatikisa. Aliyeniambia alikuwa mkuu wetu wa kazi ya kupambana na malaria, Mwingereza mwembamba ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mbu. Aliinama juu ya kata yangu akanionyesha vijidudu viwili, kimoja kikining'inia kichwa chini, kingine kimelala bapa juu ya maji.

"Huyu ananing'inia, anakunyima usingizi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Huyu analala, anakuua. Wewe tafuta huyu."

Maji yakamwagika, akaniamuru nichote tena.

Ninyi wajukuu mnaonisikia leo nikikohoa kwa sauti barazani mnadhani nilizaliwa jasiri. Hata kidogo. Nilikuwa mwoga kwetu Nyasa, kwenye kijiji cha kando ya ziwa nilikosomea shule ya misheni, na uoga huo nilikuja nao Dar es Salaam pamoja na kisanduku changu cha mbao. Siku zile Waingereza walitutafuta sana sisi watu wa Nyasa kwa kuwa tulijua kusoma na kuandika. Nilikuja kwa sababu mjomba alisema nije, na sikujua kumkatalia mjomba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi tulizunguka madimbwi, mashimo ya udongo na visima vilivyoachwa, tukitafuta viluwiluwi, yaani mbu wakiwa bado wachanga majini. Tukiwakuta tulinyunyiza mafuta mazito kwa bomba la kubeba mgongoni. Mafuta yakitanda juu ya maji, viluwiluwi hukosa pumzi na kufa. Kazi hiyo niliifanya Kinondoni, kisha nikahamishiwa Mtoni kwenye vinamasi, na huko kote watu walinicheka tu kwa kunuka mafuta ya taa.

Mambo yalibadilika nilipopelekwa Temeke, ambako niliongezewa kazi ya kupima watoto. Nilimlaza mtoto nikambonyeza chini ya mbavu za kushoto kuona kama bandama limevimba, maana bandama la mwenye malaria ya siku nyingi huwa gumu. Kisha nilimtoboa kidole kwa sindano, nikalipaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, nikakiacha kikauke. Vioo hivyo nilivipanga katika sanduku lenye vijigawanyo na kuvipeleka mjini, wakavitazame kwa hadubini.

Temeke nilipanga chumba kwa Bi Mwanaidi, mjane mwenye nyumba ya udongo na makuti. Alinipokea vizuri, nami nikamlipa kwa manung'uniko. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi. Kitanda kilikuwa na mchanga. Kila aliyepita barazani alitaka kujua nimeamkaje, nimelalaje, na kwetu hawajambo, hata nikachoka kujibu. Kwetu, nilimwambia siku moja, mtu huachwa akapumua.

"Mwanangu," alisema, "utakuja kuzitafuta salamu hizi kwa tochi."

Nilidhani ananitania. Haikupita muda, watoto wakaanza kunikimbia huku wakipiga kelele, "Bwana Damu! Bwana Damu!" Mwanzo nilicheka nao. Kisha nikaona na mama zao wanakimbia. Muuza kahawa aliyekuwa akigonga vikombe vyake mbele ya kila baraza alinyamaza alipofika kwangu, akaanza kuvigonga tena nyumba ya pili. Kinyozi aliniambia wembe wake umekuwa butu, na nyuma yangu akamnyoa mtu mwingine kwa wembe uleule. Nikienda kisimani wanawake waliondoka na ndoo zenye maji nusu.

Ni Bi Mwanaidi aliyenifumbua macho. "Wanasema wewe mumiani," alisema, na sauti aliishusha ingawa tulikuwa wawili tu. Siku hizo watu wa pwani nzima waliamini wako watu waliotumwa kukamata wenzao na kuwakamua damu ikatengenezwe dawa ya Wazungu. "Bomba lako lile la mgongoni, wanasema ndimo unamotia. Mie nawaambia mna mafuta ya taa. Wananijibu lisemwalo lipo."

Tangu siku hiyo niliogopa kwa namna ambayo sijui niwaelezeje. Niliogopa nikisikia vicheko na niliogopa nikisikia kimya. Nikitembea njia ya minazi mgongo wangu ulisisimka kana kwamba kuna mtu ameuwekea kisu. Hapo ndipo nilipozikumbuka zile salamu. Nilikuwa tayari kumweleza mtu yeyote habari za usingizi wangu, za mama yangu, za ng'ombe wa mjomba, kama angeniuliza.

Kisha akafa Hadija. Alikuwa mtoto wa Shomari, mkwezi wa minazi, nyumba ya nne kutoka kwetu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtoboa kidole, naye hakulia, alitaka tu kuona kioo. Homa ilimpanda ghafla, akafa kabla majibu ya damu yake hayajarudi kutoka mjini.

Nilikimbilia ofisini nikasimulia yote. Bwana Mbu alinitazama akafunga mlango.

"Usirudi Temeke," alisema. "Jumatatu mimi nakupeleka Kigamboni. Vitu vyako askari atachukua."

Moyo ulinitulia kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba. Lakini sikuwangoja askari, kwa kuwa kisanduku changu kilikuwa na picha ya mama na sikutaka mkono wa askari uiguse. Nilirudi mwenyewe mchana, nikipita vichochoroni. Bi Mwanaidi alinikuta nafunga kamba.

"Leo siku ya tatu," alisema. "Wanamsomea mtoto hitima. Watu wote wako kule."

"Mama, mimi nakwenda Kigamboni."

"Nenda. Na mie niliyekuweka nyumbani, niende wapi?" Alikaa kizingitini, mlango wote akauziba. "Mtaa mzima unasema nafuga mumiani. Ukitoroka leo umekiri, na ukikiri wewe nimekiri mie. Makuti haya yanawaka upesi, mwanangu."

Sikuwa nimemfikiria hata mara moja. Niliwaza ngozi yangu tu. Nikaifungua kamba.

Kabla hatujafika aliniambia jambo la mwisho. "Watakupa wali. Hapa tunasema mwenye mkono katika kifo, wali wa hitima haumpiti kooni. Watakutazama. Kula."

Wanaume walikuwa wameketi majamvini uani. Nilipoingia sauti ya kisomo haikukatika, lakini niliviona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine. Mimi Mkristo, sikujua wakati wa kuinua mikono, nikawa nainua wenzangu wakishusha. Kisomo kilipoisha, likaletwa birika la kunawia, kisha masinia ya wali, kila sinia watu watano au sita. Sinia la jamvi langu liliwekwa mbele yangu. Waliokuwa jamvini pale wakanyanyuka na kujibana kwenye masinia mengine.

Nikabaki na mlima wa wali peke yangu, na ua mzima ukinitazama. Sijawahi kuona chakula kinachotisha kama kile.

Shomari alikuwa amesimama mlangoni akihudumia wageni. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kilichochubuliwa na miti. Aliweka chini bakuli alilokuwa nalo, akavuka ua, akaketi mbele yangu.

"Nyie," alisema bila kuwageukia, "mgeni wangu anakula peke yake? Msiba huu wangu au wenu?"

Mzee mmoja akasema, "Shomari, tunakuonea huruma wewe."

"Kama si yeye, ale na mie. Kama ndiye, ale akinitazama."

Nikamega tonge nikalitia mdomoni. Wanangu, mdomo wangu ulikuwa mkavu kama majivu. Nilitafuna, nikatafuna, na wali ule ukawa changarawe. Niliposukuma uende chini koo likafunga. Nikajaribu tena. Machozi yakanitoka kwa kukabwa, na nilijua wanayaona, nilijua wanavyoyatafsiri. Mtu mmoja nyuma yangu alisimama. Uoga wangu wenyewe ndio ulikuwa unaniua, kwa kuwa koo la mwoga na koo la mkosaji hufunga sawasawa, na hapakuwa na mtu pale wa kuyatofautisha.

Nikainua macho kwa Shomari, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alinitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono akaita bakuli la mchuzi, akaumimina taratibu upande wangu wa sinia, wote, upande wake akauacha mkavu.

"Lowesha," alisema kwa sauti ya chini. "Wali wao umekauka leo."

Nikachota mchuzi kwa vidole nikautia mdomoni. Tonge likapita.

Likapita na la pili. Mtu aliyesimama nyuma yangu akaketi. Baadaye kijana mmoja alisogea akaketi kwenye sinia letu, kisha mwingine, bila kusema neno, wakamega.

Tulipokuwa tukinawa Shomari alinisogelea sikioni, nikadhani sasa ndipo atakaponitisha. "Ile damu ya mwanangu uliyochukua," alisema, "iko wapi?"

"Iko mjini. Juu ya kioo."

"Nirudishie. Nimemzika pungufu. Nataka azikwe mzima."

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Mbu. Alisema kioo ni mali ya Serikali. Akauliza mtu huyo anakitaka cha nini, nikamwambia cha kuzika. Alitazama dirishani, kisha akavuta sanduku akakitafuta mwenyewe. "Kimevunjika," alisema. "Umesikia? Kilianguka, kikavunjika." Akanipa kikiwa kizima, kimefungwa katika pamba, akaniambia kilikuwa kimejaa vijidudu vya malaria.

Shomari alinichukua makaburini sisi wawili tu. Alibeba panga lake la kukwelea, na njia nzima sikuliondolea macho. Alilitumia kuchimba shimo dogo ubavuni mwa kaburi. Alikizungushia kioo kipande cha kitambaa cheupe.

"Ilisema nini?" aliuliza.

"Homa ya mbu."

"Hii ndiyo yote? Hukubakiza?"

"Ndiyo yote. Sikubakiza."

Akafukia, akausawazisha udongo kwa kiganja. Kisha akajipangusa. "Twende ukanawe kwangu," alisema.

Jumatatu niliomba nisihamishwe. Walioniogopa hawakuisha siku moja, wengine waliniogopa hadi walipokufa, lakini Shomari aliwaleta wanawe waliobaki mwenyewe, akawashika mikono nikiwatoboa. Nilikaa Temeke miaka mingi, nikahudumu chini ya mabwana mbu wanne, nikaoa hapahapa, nikastaafu Waingereza wakifungasha virago vyao.

Wenzangu waliostaafu hulalamika, na wana haki: viungo vinauma, watoto hawaji. Mimi nalalamika kama wao. Ila kila nikikaa mezani, hata nikiwa nyumbani kwangu, katikati ya watu wangu, mkono wangu husita kabla ya tonge la kwanza. Bado naogopa halitapita. Ninyi hudhani nasali sala ndefu, mnakonyezana mkingoja. Sisali. Nangoja kuona. Likishapita ndipo nasema asante.